Risasi Ngumu

Masasi, 18 Juni 2023

Mjomba Erasto,

Shikamoo. Nisalimie na Mama Alfredi, mwambie naye shikamoo. Mimi ni mzima, kile kikohozi nilichoondoka nacho Pasaka kimeisha. Mama alinipigia simu kutoka Tandahimba, anasema goti linamsumbua lakini shambani anakwenda. Wewe hata ningekupigia usingesikia kitu, masikio yako uliyaacha porini kwenye midomo ya bunduki za wageni, ndiyo maana naandika kama watu wa zamani. Barua nampa Dadi, dereva wa lori la kambi ya wawindaji, yeye ataiweka kwenye basi la Newala.

Kaka Alfredi hajambo. Kambini wanamtegemea sana, wanasema hakuna msoma nyayo kama yeye upande wote huu wa mto Ruvuma. Ameahidi kukuandikia, lakini mwanao unamjua, kalamu kwake ni nzito kuliko shoka.

Lililonifanya niandike ni hili. Kuanzia Julai nimeondolewa kwenye geti la pori, nitafuatana na wageni wanaokuja kuwinda. Mgeni haruhusiwi kuwinda bila askari wa wanyamapori kando yake, na msimu huu askari huyo ni mimi. Ghalani zimebaki bunduki mbili nichague moja. Kuna ile wanayoiita nne hamsini na nane kwa unene wa risasi zake, kubwa, kitako chake kimefungwa waya. Na kuna tatu sabini na tano, nyepesi kidogo, ya zamani, mbao yake imekuwa laini kwa kushikwa na watu. Wenzangu wanasema nichukue kubwa, nyati si mbuzi. Niliijaribu. Ilinirudisha nyuma, bega likawa jeusi. Mara ya pili nilifumba macho kabla sijafyatua. Hakuna aliyeona, nakwambia wewe tu.

Umebeba bunduki za wageni tangu sijazaliwa. Nichukue ipi?

Mtoto wa dada yako,
Yasinta


Newala, 5 Julai 2023

Yasinta mpwa wangu,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tupo. Tunapulizia mikorosho dawa ya salfa, macho yanawaka. Mama Alfredi anasema asubuhi na jioni kwamba mashine hii ya kupulizia, ninayoibeba mgongoni, angeibeba mwanawe. Simsikii, ila sentensi hiyo nimeshazoea kuisoma midomoni.

Chukua ndogo. Waache waseme. Mtu aliyefumba macho hana bunduki, ana kelele tu. Nimewaona wanaume wakubwa wamekuja na bunduki za kuulia tembo, wakamkosa nyati aliyesimama wazi anakula majani. Nyati anauawa na pale risasi ilipoingia.

Lakini usiichukue kwa sababu nimesema mimi. Fanya hivi. Hakikisha haina kitu. Fumba macho, inyanyue mpaka shavuni kama unayetaka kupiga, halafu fumbua. Ukikuta alama ya mbele ya kulengea imeshakaa katikati ya ile ya nyuma bila wewe kuitafuta, hiyo ni yako. Ukikuta unachungulia ubavuni, fundi apunguze kitako, mikono yako ni mifupi kama ya mama yako. Kisha tembea nayo kila mahali, chooni ikibidi. Fungua komeo la bunduki na kulifunga mpaka mkono ufanye wenyewe. Darubini iliyofungwa juu yake itoe, kwenye kichaka itakuonyesha manyoya tu.

Sasa risasi. Ziko laini na ziko ngumu. Laini ikiingia kwenye nyama hufunguka kama ua, inabaki humo humo. Ngumu haifunguki, inapita mfupa. Nyati akiwa amesimama na wenzake tumia laini, usije ukaua wawili. Ila mgeni akishajeruhi, na nyinyi mkaingia kichakani kumfuata, toa laini zote, jaza ngumu tupu. Atakuja kichwa mbele, na laini itapasukia kwenye pembe. Hapo usibahatishe.

Alfredi akiwa mbele anasoma ardhi, wewe usisome ardhi. Ardhi ni yake. Wewe tazama vichaka.

Mwambie mama yake anamuuliza atarudi lini.

Mimi mjomba wako,
Erasto


Kambini, 5 Agosti 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, niliisoma mbele ya Alfredi akacheka hapo kwenye mikono ya mama. Naye anasema nyumbani atakuja korosho zikianza kuanguka, mama yake asiwe na wasiwasi.

Nimechukua ndogo. Nilifumba macho, nikanyanyua, nikafumbua, alama ilikuwa katikati. Sasa nalala nayo. Juzi nimepiga karatasi kwa kuegemea miti mitatu iliyofungwa pamoja, halafu bila kuegemea, na macho yangu yalikuwa wazi mpaka mwisho. Bega haliumi.

Mgeni wetu amefika. Ni mzee mrefu, mpole, ana picha za wajukuu anazotuonyesha kila tukikaa. Bunduki yake ni mpya, alitengenezewa yeye, imechorwa jina lake kwenye chuma, na risasi zake ni nene kama kidole gumba changu. Bwana Charles, mwindaji bingwa anayeongoza safari, alimwomba ajaribu kupiga karatasi kwenye mti. Hakuipata karatasi, wala mti. Charles akamwambia kwa upole kwamba kambi ina bunduki nyepesi, angeweza kumwazima. Mgeni akajibu kwamba ameisubiri hii miaka mitatu, hakuja mpaka Afrika kupiga na ya kuazima. Charles akamwacha, mgeni ni mgeni. Alfredi akaniambia kwa Chimakonde, ili mzee asielewe, kwamba anauma midomo na kufumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Jumatatu tunaanza kutafuta nyati upande wa mto.

Yasinta


Newala, 8 Agosti 2023

Yasinta,

Barua yako imefika jana jioni, sina subira ya salamu. Mwambie Charles amnyang'anye mzee huyo bunduki ile, hata kama watakosana. Akikataa, basi mgeni apige akiwa ameegemea, karibu, mnyama amempa ubavu, au asipige kabisa. Na akishajeruhi asiingie kichakani na watu. Akae kwenye gari na picha zake.

Alfredi asitembee mbele ya mtu anayefumba macho. Mwonyeshe barua hii.

Erasto


Newala, 10 Septemba 2023

Yasinta,

Marahaba, kama uliniamkia.

Barua yangu ya mwisho ilipanda basi kesho yake asubuhi, na mchana wa siku hiyo hiyo wakaja watu wa kanisani kutuambia. Sijui kama umewahi kuisoma. Haina kazi tena.

Tulimzika Alfredi nyuma ya nyumba, karibu na bibi yake. Watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Nilikutafuta kwa macho. Mama yako aliniandikia kwenye karatasi kwamba uko Masasi unatoa maelezo polisi. Nikasema sawa. Mama Alfredi hakusema sawa.

Wajomba zake walikuja wote kutoka Tandahimba. Unajua kwetu mtoto ni wa upande wa mama yake, na mimi baba ni mtu wa kuulizwa. Walikaa kwenye mkeka, kaka yao mkubwa Abdulazizi akaniuliza kwa kuandika kwa kijiti mchangani: nini kilimuua mtoto wetu? Nikawajibu kama ilivyosema karatasi ya polisi. Nyati alimwangusha, watu wawili wakapiga, mgeni na askari, risasi moja ikampata yeye chini, haikuonekana ilipokwenda. Nikawaambia mgeni alikuwa hajui kupiga. Wakatikisa vichwa. Mgeni amesharudi kwao, hakuna wa kumfuata. Wakala, wakaondoka.

Mama Alfredi hali vizuri. Anakaa upande ule wa kaburi.

Nijibu jambo moja. Mgeni alikuwa amejaza risasi gani?

Erasto


Masasi, 8 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Poleni tena na tena. Nisamehe kuchelewa, na nisamehe kwa mazishi.

Nimerudishwa getini, niliomba mwenyewe. Kazi ni kufungua na kufunga. Bwana Charles hayupo, ameacha kazi. Nimempa Dadi akuletee viatu vya kaka na koti lake, na ile redio ndogo. Koti nimelifua. Nilisikia korosho zimeanza kuanguka mapema upande wa Tandahimba, sijui kwenu zikoje na nani anaokota. Likizo yangu ni Desemba, nitajaribu kuomba kabla.

Mama anasema Mama Alfredi amekonda sana. Tafadhali mpeleke hospitali ya Ndanda akaonwe na daktari, asisubiri.

Nawaombea kila siku.

Yasinta


Newala, 29 Oktoba 2023

Yasinta,

Viatu vimefika, na koti, na redio. Redio nimempa mama yake.

Nilikuuliza neno moja, ukanijibu mengine yote.

Tulimwosha mimi na wajomba zake. Wao waliona mtoto aliyekufa, mimi niliona pia risasi ilipoingia na ilipotoka. Iliingia kiunoni na ikatoka, tundu safi. Risasi laini haifanyi hivyo. Na karatasi ya polisi inasema alikuwa chini ya nyati, kwa hiyo iliyompata ilipita kwanza mwilini mwa nyati. Mgeni niliyesoma habari zake kwenye barua yako hakuwa mtu wa kubadilisha risasi kabla ya kuingia kichakani, na hakuna aliyemwambia abadilishe. Wewe kuna aliyekuambia.

Nimekaa na jambo hili tangu siku ile ya kuosha. Nilipowajibu wajomba zake kwenye mkeka nilikuwa nalo tayari.

Sikuandikii kwa hasira. Nataka niambiwe na aliyekuwepo.

Erasto


Masasi, 19 Novemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nitakueleza.

Barua yako ya kumwonya Alfredi haikutukuta. Jumanne asubuhi tulikuta nyati dume wanne wazee wanakula karibu na mto. Charles alimsimamishia mgeni ile miti mitatu, akamwonyesha mmoja aliyesimama pembeni, akamwambia apige nyuma ya bega. Mgeni akafumba macho. Risasi ikaingia tumboni, nyati akakimbilia kwenye vichaka vya mtoni.

Tulikaa chini kusubiri nyati aishiwe nguvu. Charles alimwomba mgeni abaki kwenye gari. Mgeni akasema ni nyati wake, hawezi kuwaachia watu wengine wamalize alichoanza. Akaichukua bunduki yake, akaja. Mimi nilisimama chini ya mti, nikatoa laini zote, nikaziweka mfukoni, nikajaza ngumu tupu.

Alfredi alikuwa mbele na damu ipo, wala haikuwa kazi ngumu kuifuata. Charles alikwenda kulia, mimi kushoto, mgeni nyuma. Sikutazama ardhi. Lakini nyati hakuwa mbele yetu. Alikuwa amezunguka, akasimama kando ya nyayo zake mwenyewe, akatusubiri. Alitoka kulia, kati ya Charles na kaka. Charles hakuweza kupiga kwa sababu mimi nilikuwa ng'ambo ya nyati. Mgeni alipiga, risasi yake ikaingia mchangani, niliona vumbi. Nyati alimwangusha Alfredi, akapiga magoti juu yake, akawa anamsukuma ardhini kwa kichwa.

Nilikuwa karibu, kama kutoka mlangoni kwako mpaka jikoni. Nilinyanyua na alama ilikuwa pale pale. Macho yangu yalikuwa wazi. Nilipiga shingo, akaanguka papo hapo, hakurusha hata mguu. Nilifurahi, mjomba. Kwa kitambo kidogo nilifurahi sana.

Tulipomvuta Alfredi, pembe ilikuwa imemchana ubavuni, si sana. Lakini kanga niliyomfungia ilikuwa inalowa kutoka chini, kiunoni. Charles alitazama kiuno, akatazama shingo ya nyati upande ule risasi ilipotokea, halafu akanitazama mimi. Kisha akaenda kuwasha gari. Tulipita Masasi akiwa hai. Hatukufika Ndanda.

Polisi waliniuliza ni risasi ya nani. Nikasema sijui. Wakaandika ajali.

Wewe sikukujibu kwa sababu aliyeniandikia habari za risasi ngumu ni wewe. Nilitaka umchukie mgeni. Yeye yuko mbali, haimgharimu kitu. Kila siku najiuliza kama laini ingemwangusha yule nyati na kubaki ndani yake.

Ukitaka nisikanyage tena Newala, niambie, nitaelewa.

Yasinta


Newala, 14 Januari 2024

Yasinta mpwa wangu,

Marahaba. Nimekawia. Korosho zilikuwa chini na wa kuziokota ni mimi na mama mtu, na baada ya barua yako nilikuwa nasahau ndoo shambani, narudi, nasahau tena.

Kwanza nikujibu ulichouliza. Pengine laini ingemwangusha. Pengine ingekwama kwenye nyama ile ya shingoni, na nyati akaendelea kumponda mpaka umpige ya pili. Mimi nimeziona zote mbili zikitokea. Nilichokuandikia kilikuwa kweli, ningemwandikia hivyo hivyo mtu yeyote, na mwanangu amekufa nacho. Sioni namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Wewe usihangaike kuyatenganisha kwa niaba yangu.

Mama Alfredi nilimwambia shambani, tukiwa tumeinama tunaokota. Nilisema yote, la kwako na la kwangu. Alinigeuzia mgongo, kwa hiyo sijui alijibu nini au kama alijibu. Aliendelea kuokota mpaka mwisho wa mstari, akajitwika gunia akaenda nyumbani.

Baadaye nilipanda basi kwenda Tandahimba kwa shemeji zangu. Nikawaambia niliwadanganya. Abdulazizi akaomba karatasi. Aliandika hivi: "Baba wa marehemu ni wewe, mjomba wa aliyepiga ni wewe. Sisi tugombane na nani?" Karatasi ile ninayo. Hawakunipa chakula, ila mmoja alinisindikiza mpaka stendi.

Mama Alfredi alikaa wiki nyingi bila kutaja jina lako. Juzi alikuja akasimama mbele yangu, akanishika kidevu ili nimtazame midomo. Alisema, "Mwambie aje mwenyewe. Asiandike."

Sijui anataka nini. Uso wake sikuusoma. Lakini njoo.

Erasto


Masasi, 11 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama, mvua ilitukamata njiani lakini basi halikukwama.

Pale stendi uliniuliza kwa mikono tulizungumza nini jikoni mimi na Mama Alfredi, na dereva alikuwa ameshawasha gari. Ulikuwa umekaa kibarazani, ulituona tu. Nakuandikia ili ujue, kwa sababu nadhani yeye hatakuambia.

Alinipa kigoda. Yeye alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na hakuacha. Nilianza na nyati, nikaeleza mpaka niliponyanyua bunduki. Akanikatiza. Akasema, "Ya risasi ameshaniambia Baba Alfredi. Niambie ya barabarani. Alisema nini?"

Nikamwambia aliuliza kama mzee, yaani mgeni, ameumia. Aliniomba nimfute vumbi machoni. Alisema mashine ya salfa ina tundu kwenye bomba, baba asiibebe mgongoni bila kuiziba. Nisamehe, hilo sikukuambia wakati wake. Halafu akaanza kuomba maji.

Mama Alfredi akauliza, "Ukampa?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba kwenye mafunzo tulifundishwa, mtu aliyejeruhiwa tumboni hapewi maji, anaweza kufa. Chupa nilikuwa nayo, nilikuwa nimeibana miguuni. Akauliza kama aliomba sana. Nikamwambia aliomba njia nzima, mpaka alipoacha.

Akaweka ungo chini. Kisha akasema, pole pole, bila kulia:

"Huyo nilimbeba mgongoni kutoka bondeni, ndoo kichwani, miaka ile bomba la maji halijafika huku juu. Kulala njaa alilala. Kiu hakulala nayo hata siku moja. Ya risasi nitaweza, Yasinta. Hii ya maji sitaweza."

Akainuka, akaenda kwenye mtungi, akachota kikombe, akaniwekea mbele.

"Kunywa," akasema. "Una safari."

Nilikunywa chote, mjomba. Alisimama akinitazama mpaka nilipomaliza, akachukua kikombe, akakiosha.

Usimuulize.

Yasinta